Utawala, Dini na Maisha ya Kila Siku katika Kasongo na Kabambare: Uhakiki wa Maisha ya Tippu Tip

1. Utangulizi

Vitabu vya shule vinavyoeleza habari za Waroma wa kale huwa na mpangilio unaojulikana. Kwanza huja utawala: wafalme, baraza la wazee, makonsuli na hatimaye makaisari. Pili huja dini: miungu, mahekalu na makafara. Mwisho huja maisha ya kila siku: mkate, mavazi, masoko, watumwa na michezo. Msomaji wa Kiswahili amekutana na Roma hiyo katika fasihi pia, hasa katika tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1963, kisha kusahihishwa na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mpangilio huo wa sehemu tatu umezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kusahau kuwa haukuachwa na Waroma wenyewe. Umejengwa na wasomi walioyaweka pamoja maandishi ya watawala, magofu ya miji, maandishi ya makaburini na ushahidi wa lugha.

Makala haya yanauchukua mpangilio huo na kuutumia kuhakiki matini ya Kiswahili inayohusu dola ya aina nyingine, yaani utawala wa Waarabu na waungwana katika Maniema ya kusini, ambao makao yake makuu yalikuwa Kasongo na ambao Kabambare ilikuwa kituo chake kikubwa katika njia ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Matini yenyewe ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mwandishi wake alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830 na kufariki huko huko mwaka 1905. Aliandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, naye Heinrich Brode akaigeuza hati hiyo kuwa ya Kilatini, akaitafsiri kwa Kijerumani na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliitoa tena kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1958 na 1959 katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974.

Matini hii hutajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo za Kiswahili, na kwa sababu hiyo hufundishwa na kusifiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba sifa hiyo inastahili, lakini imeleta usomaji wenye hatari. Maisha inasema mengi kuhusu utawala, machache kuhusu dini, na machache zaidi kuhusu maisha ya kila siku ya watu wa Kasongo na Kabambare. Msomaji asiyekuwa mwangalifu huudhania ukimya huo kuwa ni utupu. Huhitimisha kwamba palikuwa na mtawala, bunduki na pembe, na kwamba pasipokuwapo hivyo hapakuwa na kitu. Uhakiki wa haki unapaswa kuonyesha ukimya huo umetokana na nini, na ni wapi penye ushahidi wa yale yaliyonyamaziwa.

2. Maisha kama hesabu

Kabla ya kuingia katika sehemu tatu zilizotajwa, inafaa kuuliza matini hii ni ya utanzu gani. Wahakiki wengi huiita tawasifu. Istilahi hiyo haina kosa, lakini haitoshi. Tawasifu, kama inavyoeleweka leo, humchunguza mtu: mashaka yake, majuto yake, mabadiliko ya moyo wake. Katika Maisha mambo hayo ni haba. Msimulizi huondoka, hufika, hununua, hupigana, hukusanya, hurejea. Kiambishi -ka- hubeba simulizi kutoka kambi hadi kambi, kitenzi kikifuata kitenzi, na mara kwa mara mwendo huo hukatizwa na mazungumzo mafupi au na idadi: siku za safari, frasila za pembe, watu wenye bunduki, reali za deni.

Kwa hiyo matini hii iko karibu zaidi na hesabu ya mfanyabiashara kuliko na ungamo. Ulinganisho na Roma unasaidia hapa. Augustus, kaisari wa kwanza, aliacha orodha ya matendo yake iliyochongwa baada ya kifo chake mwaka 14 B.K., na nakala yake iliyo maarufu zaidi imehifadhika katika mji wa Ankara. Naye pia anasema kwa nafsi ya kwanza. Naye pia anahesabu: vita alivyoshinda, fedha alizogawa, majengo aliyoyajenga. Maadui zake wakubwa hawatajwi kwa majina. Ni mzee anayeandika mwishoni mwa safari yake, na anachotaka ni kwamba hesabu yake ikubaliwe.

Hakuna mwanahistoria wa leo anayemsoma Augustus peke yake na kudai kwamba ameijua Roma. Lakini wapo wanaomsoma Tippu Tip peke yake na kudai kwamba wameijua Kasongo. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa matini. Inatokana na mazoea ya wasomaji, ambao huitafutia Roma ushahidi wa kila namna na kuiachia Maniema shahidi mmoja.

3. Utawala: nasaba, deni na bendera

Katika suala la utawala, Maisha ni hazina. Mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza ni nasaba. Sehemu inayojulikana sana ni ile ya Kasongo Rushie, sultani mzee wa Utetela, ambaye jina lake lisichanganywe na la mji wa Kasongo. Msimulizi anaeleza jinsi alivyozipata habari za dada wa sultani huyo waliotekwa zamani katika vita, kisha akajitokeza na kudai kuwa ni mjukuu wa mmoja wao kwa upande wa kuukeni. Mzee akampokea kama damu yake, akamwachia usultani, na watu wakaanza kumletea pembe na mashauri yao. Tukio hili husomwa kwa kawaida kama mfano wa ujanja, na ujanja upo. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mtu mwenye bunduki nyingi aliona kwamba bunduki pekee hazimpi mamlaka. Alihitaji kuingia katika mlango uliokuwapo tayari, yaani sheria ya ukoo ya Watetela wenyewe, iliyomtambua mtoto wa dada. Hivyo matini, pasipo kukusudia, inashuhudia kuwa bara hili lilikuwa na utawala wenye kanuni kabla ya msafara kufika. Asiyekuwa na serikali hawezi kurithiwa usultani wake.

La pili ni deni. Msafara wa Tippu Tip ulianzia katika maduka ya Unguja, kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi, na aliye maarufu kati yao ni Taria Topan. Mtawala wa Kasongo alikuwa mdaiwa. Kila pembe iliyopimwa Maniema ilikuwa na mwenyewe ng'ambo ya bahari kabla haijatoka msituni. Hili linaeleza kwa nini msimulizi hajishughulishi sana na maelezo ya sheria, vyeo na mipaka. Dola yake haikuwa na mikoa kama ya Roma. Ilikuwa mtandao wa watu waliofungamana kwa mkopo, ndoa, udugu na ulinzi. Nyangwe ilikuwa na wakubwa wake, akina Mwinyi Dugumbi na Mwinyi Mohara. Ujiji alikuwako Rumaliza. Ngongo Lutete alitawala eneo pana akiwa mfuasi. Katika Roma pia palikuwa na uhusiano wa mkubwa na wafuasi wake, ambao ulipita chini ya sheria zilizoandikwa na mara nyingine ukazishinda nguvu. Tofauti ni kwamba Kasongo haikuwa na sheria hizo zilizoandikwa za kuudhibiti. Mwaka 1892 Ngongo Lutete alipogeuka na kuungana na Dola Huru ya Kongo, nguzo moja iling'oka na paa lote likayumba. Mwaka uliofuata dola hiyo hiyo aliyoitumikia ilimwua.

La tatu ni bendera. Tippu Tip alipofika Unguja mwaka 1886 alimkuta Sayyid Barghash amekata tamaa. Katika mazungumzo yanayosimuliwa, sultani anakiri kwamba haitaki tena bara, maana hata Unguja yenyewe Wazungu wanaitaka. Hapa ndipo penye uzito mkubwa wa kihisia katika matini nzima, na umepatikana kwa maneno machache ya kawaida. Mtu aliyesafiri miaka mingi akitumia jina la sultani anaambiwa kuwa jina hilo halina kitu nyuma yake. Mwezi Februari 1887 akatia sahihi mkataba na Stanley, akawa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi, chini ya bendera ya Leopold wa Pili. Msimulizi haelezi kwa kirefu alivyojisikia. Anaendelea na safari. Lakini kwa kuziweka habari hizo mbili katika mfululizo mmoja, matini imeonyesha namna utawala mmoja unavyokwisha na mwingine unavyoanza katika maisha ya mtu yule yule.

4. Dini: kilichonyamaziwa kikadumu

Augustus alijivunia kukarabati mahekalu 82 katika mji wa Roma. Katika Maisha hakuna orodha ya namna hiyo. Mungu hutajwa kama anavyotajwa na Mwislamu yeyote katika mazungumzo, na kalenda ya Kiislamu iko nyuma ya safari, lakini msimulizi hajionyeshi kuwa mhubiri wala mjenzi wa misikiti, na imani za watu wa Maniema hazimshughulishi.

Kutokana na hali hiyo, imedaiwa na baadhi ya waandishi kuwa Waarabu wa Maniema hawakuwa na haja ya dini, na kwamba Uislamu wa huko ulikuwa vazi tu la biashara. Ushahidi wa baadaye unaipinga hukumu hiyo, angalau sehemu yake ya pili. Utawala wa Kasongo chini ya Tippu Tip na jamaa zake ulidumu muda usiozidi miaka 20, kuanzia karibu mwaka 1875. Nyangwe ilianguka mwezi Machi 1893, Kasongo mwezi Aprili mwaka huo huo, na Kabambare mwezi Januari 1894. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa vitani mwaka 1893. Waarabu walikufa, walikamatwa au walikimbilia mashariki. Lau Uislamu ungekuwa vazi la wakubwa hao, ungevuliwa nao walipoondoka.

Haikuwa hivyo. Kasongo imebaki kuwa kitovu cha Uislamu katika Kongo. Walioudumisha ni waungwana weusi, wenyeji na wana wa wenyeji, chini ya serikali ya kikoloni ya Kibelgiji iliyouangalia kwa mashaka na kuyapendelea mashule ya misheni. Tarika ya Qadiriyya ilienea Maniema katika kipindi hicho cha ukoloni, na uenezi wake uliwatia wasiwasi watawala. Ukristo nao ulitia mizizi: Kasongo ilipata vikariati ya kitume mwaka 1952, nayo ikawa jimbo kamili la Kikatoliki mwaka 1959. Hata hivyo majina kama Ramazani, Amisi, Asumani na Salumu husikika Maniema katika familia za Kiislamu na za Kikristo pia. Jina hukaa katika ukoo hata pale imani ilipobadilika. Dini ambayo Maisha haikuisimulia ndiyo iliyodumu kuliko dola ambayo Maisha iliisimulia kwa kirefu.

Upo ukimya wa pili ulio mzito zaidi, nao unahusu dini na maadili yaliyotangulia Uislamu. Mfano mmoja unatosha. Miongoni mwa Walega, majirani wa kaskazini, kilikuwapo chama cha bwami, chenye madaraja ambayo mtu alipanda kwa mali, kwa msaada wa jamaa na kwa mwenendo mwema. Mafunzo yake yalitolewa kwa methali, ngoma na vitu vilivyochongwa, na sanamu ndogo za pembe ya ndovu zilikuwa alama za daraja la juu kabisa, la kindi. Utafiti wa Daniel Biebuyck, uliochapishwa mwaka 1973, ndio ulioueleza mfumo huo kwa upana. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Katika misitu ya Maniema, basi, pembe ilikuwa na maana mbili. Kwa msafara ilikuwa frasila. Kwa mzee wa bwami ilikuwa neno la busara lililochongwa likaweza kushikwa mkononi. Maisha inaijua maana ya kwanza tu, na msomaji anayeifuata bila ushahidi mwingine ataijua hiyo hiyo tu.

5. Maisha ya kila siku: nani alilima mpunga?

Umaskini wa Maisha katika sehemu hii unaonekana wazi zaidi inapowekwa kando ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Matini zote mbili zilitolewa na Wajerumani katika miaka ile ile, kwa wasomaji wale wale. Lakini Mtoro anaeleza uzazi, malezi, chuo cha Kurani, harusi, ngoma, pepo, maziko, utumwa na uhuru. Tofauti hii inathibitisha kuwa Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na nathari inayoweza kuyabeba maisha ya kila siku bila shida. Ukimya wa Tippu Tip haukutokana na upungufu wa lugha. Ulitokana na uchaguzi wa mtu anayeandika hesabu ya safari.

Kabambare ni mfano mzuri. Katika masimulizi ya safari mahali hapo huonekana zaidi kama kituo, pa kupita au pa kupumzika kati ya Kasongo na ziwa. Lakini David Livingstone, aliyepaita Bambarre, alikwama hapo kwa vidonda vya miguu tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, na mtu aliyekwama huona mambo ambayo mwenda mbio hayaoni: mvua, njaa, uvumi, magomvi ya kijiji, hofu ya wenyeji kila kundi lenye bunduki lilipotoka. Kwa Wabangubangu, Kabambare haikuwa kituo. Ilikuwa kwao.

Baadaye, katika mwaka huo wa 1871, Livingstone alilieleza soko la Nyangwe kando ya Lualaba, lililokusanya watu wapatao elfu tatu, wengi wao wanawake, wakibadilishana samaki, vyungu, mihogo na nguo. Tarehe 15 Julai watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara, waliwafyatulia risasi wanawake hao, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Tippu Tip hakuwapo. Lakini soko na mauaji hayo ni sehemu ya dunia ambayo Kasongo ilisimama juu yake miaka michache baadaye, na uhakiki wowote wa Maisha unaoyaacha nje unasoma nusu ya kurasa.

Shahidi mwingine ni Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza katika jeshi la Dola Huru, aliyeingia Kasongo iliposhindwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 anaorodhesha yaliyokutwa: mishumaa, sukari, viberiti, vyombo vya fedha na bilauri, tani kadhaa za pembe na baruti, maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani za michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi na migomba. Orodha hii imenukuliwa mara nyingi kuthibitisha fahari ya Kasongo. Hata hivyo ni vyema kukumbuka imeandikwa na nani. Tippu Tip alihesabu kama mwenye mali. Hinde alihesabu kama mwenye nyara. Macho yao yanafanana kuliko walivyodhani. Wote wawili waliona mchele katika ghala, na hakuna kati yao aliyeuliza jina la aliyeulima.

Swali hilo ndilo kiini cha sehemu hii. Mpunga hukata mgongo. Kuna kufyeka, kupanda, kupalilia, kuamia ndege, kuvuna, kupura na kutwanga. Ghala moja lililojaa ni msimu mzima wa kazi ya mikono mingi, na katika mji ule mikono hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watumwa na wafuasi waliotwaliwa katika vijiji vya karibu na mbali. Maisha inawahesabu watu wa namna hiyo kwa mafungu, kama mateka na wapagazi. Hata hivyo kazi yao imeacha alama inayoweza kuonekana: mpunga bado ni zao na chakula cha Kasongo. Utawala uliowalazimisha umetoweka, na walichokipanda kingalipo.

6. Neno "mwungwana" kama ushahidi

Kama Maisha inanyamaza kuhusu dini na maisha ya kila siku, lugha yake hainyamazi. Neno moja linastahili kufuatwa, nalo ni mwungwana. Pwani neno hili lilimaanisha mtu huru wa kuzaliwa, mwenye nasaba na adabu, kinyume cha mtumwa. Katika Maniema maana yake ilipanuka. Kijana aliyetekwa akakulia katika nyumba ya mkubwa, akashika bunduki, akavaa kanzu, akasali na kusema Kiswahili, aliweza kuitwa mwungwana, na yeye mwenyewe akawaita wanakijiji wenzake wa jana washenzi. Uhuru wa kuzaliwa uligeuka kuwa uhuru wa mwenendo.

Roma ilikuwa na jambo linalolingana na hili, ingawa si sawa kabisa. Mtumwa aliyeachwa huru kwa taratibu za sheria na bwana aliye raia wa Roma aliupata uraia, akalichukua jina la ukoo wa bwana wake na kubaki na wajibu kwake. Kasongo haikuwa na hati ya uraia. Ilikuwa na lugha, vazi na sala. Kwa sababu hiyo lugha ilipewa kazi ambayo Roma iliipa sheria, na pengine ndiyo maana Kiswahili kiliweza kudumu baada ya dola kuvunjika. Wakoloni walikiita Kingwana, yaani lugha ya waungwana, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Wakongo wa mashariki wamekifanya chao, wakasema batu pale mtu wa Unguja anaposema watu, na hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Hapa pia panahitajika tahadhari. Kupanda kwa mmoja kuwa mwungwana kulihitaji mwingine abaki mshenzi. Neno hili lilifungua mlango na kuufunga kwa wakati mmoja, na jeraha lake halikuishia ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Watu wa Maniema waliopelekwa au waliokwenda mashariki, Ujiji, Tabora na hadi Dar es Salaam, walijulikana kwa jina la Wamanyema. Wengi walikuwa wametoka katika makabila tofauti na katika hali ya utumwa, wakajenga kutokana na jina hilo jamii moja ya Kiislamu yenye heshima yake. Msikiti wa Manyema katika Kariakoo ni ukumbusho wa jamii hiyo. Maisha haielezi historia hii, lakini bila yale yaliyosimuliwa katika Maisha historia hii isingekuwapo.

7. Usomaji unaofaa

Wahakiki wamegawanyika kuhusu Tippu Tip. Wapo wanaomtukuza kuwa mjenzi wa dola na mwenye kipaji cha Kiswahili. Wapo wanaomlaani kuwa mwindaji wa watu na kuitupa matini pamoja na mwandishi wake. Misimamo yote miwili ina kasoro ile ile, nayo ni kumweka yeye katikati. Sifa na laana zote humfanya Kasongo awe yeye, na Kabambare iwe njia yake.

Njia iliyotumiwa kwa Roma inaonyesha namna nyingine. Maisha ya kila siku ya Waroma hayakujulikana kwa maneno ya makaisari. Yalijulikana hasa kwa miji kama Pompeii, iliyofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79 B.K. na kuhifadhi tanuri za mikate, ishara za maduka na maneno yaliyokwaruzwa ukutani na watu wasiojulikana. Kasongo ya leo haisimami mahali hasa pa mji wa kale. Mji wa enzi ya Waarabu ulikuwa Kasongo-Tongoni. Jina lenyewe linasema, kwa maana tongo ni mahame, mahali palipohamwa, na jina kama hilo lipo pia karibu na Tanga penye magofu ya pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity uliunganisha akiolojia, historia na kumbukumbu za wenyeji kuhusu enzi hiyo ya Maniema. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoihitaji Maisha kuliko sifa mpya.

Kwa upande wa taaluma ya Kiswahili, wajibu uko katika mambo mawili. Kwanza, Maisha inahitaji chapa mpya yenye maelezo yanayotokana na wasomi wa Maniema, watakaoyatambua majina ya mito, koo na vijiji ambayo wahariri wa Berlin na Nairobi waliyaandika kwa kubahatisha sauti. Pili, katika ufundishaji isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na Desturi za Wasuaheli, pamoja na masimulizi ya wazee wa Kasongo na Kabambare, na pamoja na maandishi ya Kiswahili cha Kongo yaliyotoka chini, kama ile historia ya Elisabethville ya mwaka 1965 iliyotungwa na André Yav kwa mtazamo wa watumishi wa nyumbani. Mwanafunzi atakayezisikia sauti hizo pamoja atajua kwamba Kiswahili kilichoandika hesabu ya pembe ndicho pia kilichoandika malalamiko ya mtumishi.

8. Hitimisho

Imeelezwa katika makala haya kuwa Maisha ya Tippu Tip ni hesabu ya mtawala aliyekuwa mdaiwa, iliyoandikwa kwa nathari yenye kasi na nguvu. Katika utawala ni shahidi wa thamani, hasa inapoonyesha kuwa mamlaka yalipatikana kwa kupita katika sheria za wenyeji na yalipotea kwa maamuzi yaliyofanywa mbali nao. Katika dini imenyamaza, na historia imejibu kwa niaba yake. Katika maisha ya kila siku imeona ghala na haikuwaona wakulima. Upungufu huo hauiondolei matini thamani yake. Unaondoa tu haki ya msomaji kuridhika nayo. Wana wa waliohesabiwa kwa mafungu wangali wanaishi Kasongo na Kabambare, wanalima mpunga, na wanasema lugha ambayo hesabu hiyo iliandikwa. Uhakiki wa Maisha hautakamilika mpaka uwe umewahesabu na wao.